Mikia ya Ijumaa

Juzi nilishuka Karatu siku ya mnada kununua ndoo na mbegu za maharage, nikamkuta kijana mmoja amesimama juu ya kreti la soda, kipaza sauti mdomoni, anauza sumu. "Dawa ya panya hiyo! Akionja tu, kwisha habari yake! Anakauka, hanuki! Asubuhi unaamka unawakuta wamejifia wenyewe!" Watu walicheka na kununua. Mimi nilisimama katikati ya njia na ndoo yangu, na kabla sijajua ninachofanya, mkono wa kulia ulikuwa umeshaingia kwapa la kushoto, unapapasa. Mama wa vitunguu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi, nimemkumbuka bibi yangu.

Nililelewa Kansay, kwa bibi mzaa baba, ambaye kwa Kiiraqw chetu tulimwita Ama. Wazazi walikuwa vibarua kwenye shamba la kahawa upande wa pili wa Karatu, wakija nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulikuwa mali ya Ama. Nyumba yake ilikuwa tembe la zamani, nusu limechimbiwa kwenye mteremko, na paa lake la udongo lilikuwa bapa kiasi kwamba maboga yalianikwa juu yake na mbuzi walipanda kwa nyuma bila hata kujua wanapanda nyumba. Ndani mlikuwa na moshi, harufu ya maziwa yaliyogandia kibuyuni, na vihenge viwili vya mahindi na mtama. Na panya. Rafiki yangu, panya! Walikimbizana darini kama wanafunzi waliofunguliwa mapumziko. Walitafuna ngozi ya kulalia, walitafuna sabuni, na mmoja alitafuna daftari langu la hesabu. Mwalimu hakuniamini hata kidogo.

Huyo mwalimu alikuwa mtu wa pwani, mrefu, anayesikia baridi siku zote, na alikuwa amewatangazia panya vita. Kila Ijumaa kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mikia mitano ya panya, imefungwa kwa uzi wa katani. Huna mikia, una fimbo. Tulijipanga mstarini na vifurushi vyetu, naye akakagua mmoja mmoja kabla ya kuichoma shimoni nyuma ya choo. Wapo waliokata mkia mrefu vipande viwili. Yupo aliyeleta mizizi ya viazi vitamu iliyopakwa masizi, na mpaka leo akipita njiani tunamwita Viazi.

Ama ndiye aliyenitegea. Alichukua jiwe bapa, akaliegesha juu ya kijiti, chini yake akaweka punje za mahindi ya kukaanga ambazo mimi mwenyewe nilizimezea mate. Alfajiri ukisikia kishindo, unajua mkia umepatikana. Nilikuwa bingwa wa mikia darasani kwa sababu ya mkono wa Ama, na sifa nikazichukua mimi.

Sasa ikaja ile Alhamisi. Mavuno yalikuwa yameingia ndani, vihenge vimejaa hadi shingoni, na mimi nilikuwa na mikia miwili tu. Asubuhi nikaenda nyuma ya kihenge kutazama jiwe. Jiwe lilikuwa bado limesimama juu ya kijiti chake, halijaanguka. Lakini pembeni yake walilala panya, saba au wanane, wamekufa, bila jeraha. Mmoja alikuwa bado anatembea, mchana kweupe, anayumba kama mlevi, akanipita mguuni bila kuniogopa. Nilifurahi, nakwambia. Niliona Mungu amesikia sala yangu ya jana. Nikawainua watatu kwa mikia, nikanyoosha mkono kuchukua kisu.

Ama aliingia na kibuyu cha maziwa. Aliponiona, kibuyu kilimponyoka. Sikuwa nimewahi kumwona Ama akimwaga hata tone la maziwa, na sasa yalikuwa yanatiririka hadi jikoni naye hayatazami.

"Tupa! Tupa chini! Toka nje!"

Alinisugua mikono kwa majivu na maji ya moto hadi ikawa myekundu. Kisha, katika muda usiotosha kuivisha maharage, akatuhamisha. Alichukua sufuria, panga, ng'ombe na ndama wake, na kijinga cha moto. Mablanketi aliyaacha, na huku kwetu Julai baridi inauma hadi kwenye meno. Alisema yana viroboto. Mavuno ya mwaka mzima aliyaacha pia. Akaziba mlango kwa matawi ya miiba, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kabla: "Panya akifa bila mtego, mwenye nyumba atoke."

Tukahamia kwenye kibanda cha kulindia shamba, tukilala kwenye nyasi kavu. Jirani yetu, mtu wa Singida aliyekuja zamani kulima ngano akabaki, alikuja kututazama akacheka mpaka akajishika mbavu. "Bibi, walio hai umeishi nao miaka yote, leo unafukuzwa na wafu? Hata kwangu wamekufa. Mimi nimeshukuru!" Nami moyoni nilicheka naye, kwa aibu ya kulala shambani kama nyani. Ama alikwenda akasimama mlangoni kwa jirani, ameegemea fimbo yake, akakataa kiti, akakataa uji, mpaka jirani akachoka, akamruhusu mkewe na watoto waende kulala kwenye kibanda chao cha shambani. Yeye mwenyewe alibaki kulinda mahindi.

Ijumaa nilikwenda shule bila mkia hata mmoja, na Ama nyuma yangu. Mwalimu hakujua Kiiraqw, na Kiswahili cha Ama kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo nikasimama katikati yao, fimbo upande huu na fimbo upande huu, nikitafsiri.

"Mwambie mwalimu wako panya wanakufa wenyewe."

Nikamwambia.

"Mwambie nilipokuwa kama wewe walikufa hivyo hivyo. Kisha akafuata mama yangu. Kisha kaka zangu wawili. Walivimba hapa na hapa." Akanigusa kwapani na kwenye kinena. "Muulize, watoto hawa wanashika nini mikononi?"

Nilipomaliza sentensi hiyo nilikuwa nimeielewa mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mwalimu alitazama mstari wa watoto na vifurushi vyao. Akasema kwa sauti ndogo, "Wekeni chini. Wote. Taratibu." Akatunawisha darasa kwa darasa, akapanda baiskeli yake, akaenda Karatu kumtafuta bwana afya. Mikia haikuitishwa tena.

Zikaanza siku za kungoja. Kila asubuhi na kila jioni Ama aliingiza vidole vyake vikavu kwapani mwangu, halafu kwenye kinena, akipapasa kama anayetafuta kokoto kwenye mchele. Akimaliza alipumua, akanipa uji. Jumapili jirani alipatwa na homa, na jioni mtoki ukamvimba kinenani hata asiweze kusimama. Asubuhi yake Ama alinipapasa mara mbili, kisha akarudia mara ya tatu, na mimi niliogopa zaidi ile mara ya tatu kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku ile ile gari la bwana afya lilifika. Lingechelewa siku mbili, tungechimba kaburi. Jirani alibebwa hadi hospitali. Alirudi amekonda, kofia inamshukia machoni, na tangu hapo alimwamkia Ama "shikamoo mama" akiwa bado yuko mbali barabarani. Wakatupa vidonge wote, wakanyunyiza dawa nyeupe majumbani. Bwana afya aliutaja ugonjwa kwa jina lake, tauni, akamgeukia Ama.

"Bibi, nani alikufundisha haya?"

Nikatafsiri. Ama akajibu, "Walionifundisha niliwazika."

Mimi na mdogo wangu hatukuugua. Ama hakulala tena ndani ya tembe lile. Baba alijenga nyumba ya bati, na tembe likaporomoka taratibu. Leo pale pana bonde dogo tu katikati ya ngano, na ngano ya bondeni humo hurefuka kuliko nyingine. Ama naye ametangulia miaka mingi. Hakujua kuandika hata jina lake, na mpaka leo nikiwaza jinsi alivyoyaacha mahindi yale bila kugeuka nyuma, nywele zinanisimama. Wajukuu zangu hawajui mtego wa jiwe, na neno mtoki nililitaja wakadhani ni mnyama.

Pale mnadani nilimsogelea yule kijana, nikamuuliza: "Na mwanangu, wakijifia bila dawa yako, je?"

Akacheka, meno yote nje. "Hiyo si ndiyo bahati, mama!"

Nikaweka ndoo yangu chini, nikamwomba azime kipaza sauti.