Baba wa Dubwana

Nilipokuwa mtoto wa kubeba kibuyu kimoja tu, gari la sinema lilikuja sokoni Ekerenyo, likatundika shuka jeupe ukutani. Tukaona wazungu wakilipua bomu baharini, na dubwana refu kama kilima likaamka majini, likakanyaga mji. Msichana mmoja alikuwa akikimbia huku na huku, analia. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokotaokota. Mwenye kipaza sauti alipopiga kelele, "Anamtafuta baba! Anamtafuta baba!", sisi tulielewa upande wetu. Kwa Kigusii, baba ni mama mzazi.

Tukadhani anayetafuta ni dubwana. Basi tukafika nyumbani na habari: dubwana limepotelewa na mamake.

Magokoro, nyanya yangu, hakucheka. Kisima chetu kilijulikana kina mwenyewe, nyoka ambaye hakuna aliyewahi kuona mkia wake.

"Kitu cha majini hupita majini," akasema. "Kikikosa mamake kitachukua wa mtu. Kisimani mtu asiende mpaka mvua inyeshe."

Kesho yake mama, aliyekuwa amejifungua juzi, aliamka na homa. Mtungi ulikuwa mkavu.

"Nenda wewe mwenye mama mgonjwa," binamu yangu Kemunto akanicheka. "Likikumeza nitachukua kibuyu chako."

"Utakikuta kimevunjika," nikamjibu, nikaenda.

Pale kisimani matete yalitikisika, na upepo haukuwepo. Miguu ilitaka kukimbia, nikaikatalia. Nikasema kwa sauti, "Mama yako hayuko hapa. Aliye nyumbani ni wangu, na ana kiu." Nikateka, nikapanda kilima bila kugeuka.

Mama alikunywa kibuyu karibu chote, ndipo akauliza mbona nimechelewa.

"Nilikuwa naongea na mtu."

Magokoro akanitazama sana. Kisha akaniwekea mtungi wake mlangoni. "Kwa kuwa mmejuana, lete na wangu."

Nilikuwa tayari mama wa watoto, nikiuza ndizi Kisii mjini, nilipomsikia mtoto wa mteja kutoka upande wa ziwa akimwita mwanamume baba. Nikasimama na kichana cha ndizi mkononi, ile sauti ya kipaza ikanirudia. Kumbe aliyekuwa akitafuta ni yule msichana, na alikuwa akimtafuta babake. Nikacheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye.

Siku hizi mjukuu wangu hunionyesha madubwana kwenye simu, nami nayatazama tu. Neno nililikosea, hilo nakubali. Lakini matete yalitikisika, na mama alikunywa. Hata leo nikifika kisimani nasema kwanza, kwa sauti, nimekuja kuwatekea maji watu wangu.