Nyumba Iliyovuja Kiangazi

Jua la Julai ndiyo kwanza linachomoza juu ya Ruziba, kusini mwa Bujumbura, na Mathilde Nabintu tayari yuko kwenye ngazi. Kichwa na mabega vimezama ndani ya dari; kinachoonekana kutoka koridoni ni miguu tu, na miguu yenyewe haitulii.

"Orlane! Lete toshi, mama! Kuya uone maajabu!"

Chini, Orlane, mwenye nyumba, amembeba mwanawe wa wiki tatu na hajui acheke au aogope. Mvua haijanyesha tangu Mei. Migomba ya jirani imejaa vumbi. Lakini kila asubuhi dari ya nyumba hii, ambayo haijatimiza hata miaka miwili, inadondosha maji.

Mathilde hawezi kulichukulia jambo hili kirahisi, kwa sababu dari hiyo, plafo kama anavyoiita, aliigongomea yeye. Régis, mume wa Orlane na mtumishi wa serikali, alimwambia bila kuzunguka: kosa likiwa la dari, ataibomoa yote na kutafuta fundi mwingine. Habari zikaenea. Majirani wawili waliokuwa wamemwahidi kazi wameanza kumkwepa njiani.

"Mi naishi na jina langu tu," anasema. "Mutu akisema plafo ya Mathilde inavuja, njo basi, ntarudia kubeba muchanga."

Mchanga anaujua vizuri. Aliubeba kwenye viwanja vya ujenzi tangu alipovuka mpaka na mama yake kutoka Uvira akiwa msichana. Siku moja huko Bwiza, fundi mmoja aitwaye Népomuscène alikosa mtu wa kumshikia ubao juu. Mathilde akapanda kumsaidia, na mpaka leo hajataka kushuka. Anaishi Mutakura na watoto wake wawili. Kuna mwezi anapata dari mbili, kuna mwezi hapati hata moja, na mwezi huo huuza mandazi mlangoni.

Kuhusu nyumba hii, kila mtu alikuwa na lake. Fundi wa mabati aliyekuja juzi alisema ni misumari. Jirani mmoja akasema nyumba ina neno, ikaombewa jioni nzima, na asubuhi ikadondosha kama kawaida.

Mathilde anapitisha kiganja upande wa chini wa bati. Kinarudi kikichuruzika. Anazima tochi atafute mwanga wa jua unaopenya juu. Hakuna hata tundu dogo kama sindano. Hapo ndipo anapoangua kicheko.

"Maji hii haikutoka inje! Ilitoka humu ndani, kwenu!"

Ni kama mfuniko wa sufuria ya maharage, anaeleza. Mvuke unapanda, unakuta bati limepoa usiku, unageuka maji na kurudi chini. Kinachomsumbua ni kwamba aliacha matundu ya hewa pembeni mwa paa, ili mvuke wowote upate pa kutokea.

Anatambaa juu ya mbao mpaka pembeni. Matundu yote yamezibwa kwa vipande vya magunia na vitenge vikuukuu, yakashindiliwa barabara.

"Nani alifunga hapa?"

Orlane anatazama mlango wa jikoni. Pale amesimama mama mkwe wake, Adélaïde, aliyeshuka kutoka Kayanza kumtunza mzazi katika siku za ikiriri, zile za baada ya kujifungua. Kayanza ni milimani na baridi yake haina mchezo. Usiku wa kwanza bibi alihisi upepo unatoka juu, akamwagiza mlinzi apande kuuziba. Tangu hapo, kila jioni anachemsha sufuria nzima ya maji kwenye mbabula, jiko la makaa, katikati ya korido, na kumwogesha mkwewe milango ikiwa imefungwa.

"Mtoto mchanga apigwe na upepo?" anauliza kwa Kirundi, mikono kiunoni. Orlane anatafsiri huku akizuia kicheko.

Mathilde anashuka. Angeweza kujiokoa hapo hapo kwa kumtwisha bibi lawama zote. Régis ameshafika na anasikiliza.

"Mama, kulinda mutoto si mubaya," anasema. "Lakini mbabula ndani, apana, ile moshi inauaka watu. Na mi pia niko na kosa. Kifuniko ya plafo, pale pa kupandia, sikuifunga sawasawa, mvuke inapandia pale. Ntaitengeneza leo."

Mazungumzo yanakuwa marefu. Mwishowe matundu yanafunguliwa na kuwekewa waya wa mbu, kifuniko kinabana, na maji ya moto yanahamia jiko la nje. Bibi anakubali kwa sharti moja: dirisha la chumba cha mtoto lisiguswe usiku.

Asubuhi ya pili, wote wako koridoni. Adélaïde haamini maneno ya watu. Anakaza kitenge chake na kupanda ngazi mwenyewe. Orlane anapiga kelele, Régis anaikumbatia ngazi kwa mikono miwili. Kisha mkono wa bibi unashuka kutoka darini, kiganja wazi, kina vumbi tupu.

Mathilde anapiga vigelegele, na bibi anamjibu kwa vyake kutoka humo humo ndani ya dari. Majirani wanakuja mbio wakidhani kuna harusi.

Sasa Mathilde ana mpango ambao wiki iliyopita hakuwa nao. Hajawahi kufanya kazi nje ya Bujumbura, lakini bibi ana nyumba ya mabati matupu huko Kayanza, na anataka dari kabla ya mvua za Septemba. "Ntaenda," anasema, machozi na kicheko pamoja. "Mi mwenye nilibebaka muchanga, ntaenda kufanya plafo mupaka kule milimani!"

Mlangoni, mmoja wa wale majirani waliokuwa wakimkwepa anauliza ni fundi gani aliyekomesha maji. Kabla Régis hajafungua mdomo, Adélaïde anamjibu kwa Kiswahili chake kichache.

"Ni Mathilde. Lakini anaanza kwangu."