Matanga Kwenye Ukumbi wa Gemu

Pale palipokuwa na ukumbi wa gemu siku hizi wanauza magodoro. Nikipita na basi natazama dirishani, naona vitanda vyeupe vimepangwa pale zilipokuwa mashine, na kila mara nakereka. Sina ugomvi na magodoro, mwenyewe nalalia moja. Nakereka kwa sababu wauzaji wale hawajui wamesimama wapi.

Ulikuwa ukumbi wa kizamani, si mbali na chuo nilichosoma, upande wa kaskazini wa Buffalo, huku Marekani. Zulia lilikuwa na nyota za kijani zilizofifia, na hewa ilinuka bisi na vumbi lililopata moto nyuma ya mashine. Kulikuwa na mashine za kijimpira cha chuma, mashine za kupigana ngumi, ile yenye kucha inayonyakua mdoli na kuuangusha kabla haujafika, na safu ya viti vya magari ya mashindano, kila kiti na usukani wake. Jioni baada ya darasa nilikaa kaunta, nikiwabadilishia wanafunzi pesa zao kwa sarafu za gemu na kufuta alama za vidole kwenye vioo. Mimi ni mtoto wa Warundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na mchezo nilioujua ulikuwa kuruka kamba. Lakini niliupenda ukumbi ule tangu siku ya kwanza. Ulikuwa na joto, ulikuwa na kelele, na hakuna aliyeniuliza lafudhi yangu ni ya wapi.

Mwenye ukumbi alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu, mkimya, mwenye kofia moja ya majira yote. Ukimtafuta unamkuta amepiga magoti nyuma ya mashine na bisibisi yake, anainong'oneza. Nadhani alizungumza zaidi na mashine kuliko na watu.

Mama yangu alipaita pale kamarini. "Umerudi kutoka kamarini?" ndiyo ilikuwa salamu yangu nikiingia nyumbani. Nikamweleza kwamba hapana, mama, pale hakuna anayeshinda pesa.

"Kwa hiyo wanatoa pesa na hawapati kitu?"

"Wanapata kucheza."

"Basi ni mbaya kuliko kamari," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Kisha korona ikaingia. Chuo kikahamia kwenye kompyuta, wanafunzi wakarudi kwao, na ukumbi ukafungwa miezi mingi. Mzee aliniomba niwe napita mara moja kwa wiki tuziwashe mashine, maana zikikaa sana bila umeme zinakufa. Yeye alianzia huku, mimi kule, kila mtu na barakoa yake. Zilikuwa zinaamka moja moja, zinaimba, zinamwita mchezaji aje, na mchezaji hayupo. Nilizionea huruma, nasema kweli. Nilimwonea huruma na yeye, lakini yeye sikujua namna ya kumwambia.

Majira yaliyofuata, ukumbi uliporuhusiwa kufungua kwa watu wachache, mama mkubwa akafariki.

Alikuwa dada pekee wa mama. Yeye na wanawe walipotoka kambini walipelekwa Louisville, sisi tukaletwa Buffalo, na hivyo ndugu wawili waliolalia mkeka mmoja wakatenganishwa na siku nzima ya barabara. Alipolazwa, kaka yangu anayekaa Columbus aliendesha gari mpaka Louisville, akasimama kwenye maegesho ya hospitali akitazama madirisha, kwa sababu ndani hawakumruhusu. Mazishi mama aliyaona kwenye simu aliyoishika mtu mwingine. Mkono wa yule mtu ulichoka, kwa hiyo sehemu kubwa mama aliona nyasi.

Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Watu wanakuja, wanakaa, na kila anayeingia anampa pole, kisha anauliza: ilikuwaje? Mfiwa anasimulia tangu mwanzo. Anaingia mwingine, anauliza, naye anasimuliwa yote upya. Nilipokuwa mdogo niliona ni kumtesa mtu. Sikujua kwamba ndivyo jambo lenyewe linavyopunguzwa, kidogo kidogo, mpaka mtu anaweza kulibeba.

Mama yangu hakupata hilo. Alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye kituo chao, wazee dhaifu aliowaogesha na kuwalisha kwa mikono yake, na aliapa kwamba ugonjwa hautapita kwake kuwafikia. Kwa hiyo alifunga mlango wetu kule mtaani Riverside. Wanawake wa kanisani walileta sufuria, wakaziacha kwenye ngazi, wakapunga mkono kutoka barabarani. Simu ikajaa pole na picha za mikono iliyounganishwa. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje. Nafikiri kwenye simu watu waliogopa kumliza mtu wasiyeweza kumshika.

Mama akaacha kuongea. Alikwenda kazini, akarudi, akakaa kitandani na koti lake mwilini. Nikimpelekea chakula anasema asante, kama mgeni. Niliogopa kuliko nilivyoogopa korona yenyewe.

Nikamweleza mzee wa gemu, si kwa sababu nilitaka msaada, ila nilikuwa nafuta kioo kimoja muda mrefu mno na yeye akaniuliza nina nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, watu wenu wanahitaji nini hasa? Nikasema, kukaa tu. Kukaa na kuzungumza.

Akageuka akatazama ile safu ya magari. "Viti ninavyo," akasema. "Vimeachana, na vimefungwa sakafuni, hakuna atakayevisogeza. Dari liko juu. Nitafungua milango yote miwili. Jumatatu hatufungui."

Mama alipoambiwa, akaongea kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Nikamlilie dada yangu kamarini?"

Aliyemshawishi si mimi. Ni mama mmoja wa Kikongo, rafiki yake wa kwaya, mwenye duka la unga na samaki wakavu Grant Street. Nilimpigia simu, nikaiweka sauti ya juu.

"Mama, Mungu iko kila fasi," akasema, kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani. "Bon, hata mu kamari iko."

Sikujua kama mama atacheka au atakata simu. Alivua koti, akauliza avae kitenge gani.

Jumatatu ile mchana walikuja wanawake wachache, barakoa usoni na vitenge kiunoni. Mzee alikuwa amezima sauti zote lakini ameacha taa za mashine ziwake, ili pasiwe giza. Mama nilimkalisha kwenye gari jekundu la mwisho ukutani, na wale wengine wakaingia kwenye magari yao. Yule mama wa dukani alizunguka lake mara mbili kabla ya kupanda.

"Hii ni kiti ao ni motoka?"

"Ni kiti, mama. Kaa tu."

Akakaa, akajiweka sawa, akamgeukia mama kwa mbali. "Pole sana, mama yangu. Donc, ilikuwa namna gani?"

Mama akashika usukani. Hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Akaushika kwa mikono miwili, macho mbele, akaanza.

Mara ya kwanza alisimulia kwa maneno machache: kikohozi, hospitali, simu. Akalia, na wote wakalia naye, kila mtu kwenye gari lake. Kisha aliyefuata akauliza, ilikuwaje? Safari hii akasimulia kwamba mama mkubwa alidhani ni uchovu wa kazi za usiku ghalani, akakataa kwenda hospitali kwa sababu ameloweka maharage. Kwa wa tatu simulizi likarudi nyuma mpaka kambini, kwenye kitenge kimoja walichogombania mpaka kikachanika katikati, kila mmoja akavaa kipande chake kwa hasira. Hapo mtu akacheka. Mama akamtazama kwa ukali, kisha na yeye akacheka, akafuta macho kwa pindo la kitenge alichovaa.

Mzee alisimama kaunta muda wote, kofia mkononi. Hakuelewa neno hata moja. Wakati wa kuondoka mama alimmiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, akamkabidhi kwa mikono miwili, akamwambia "thenki yu" kwa sauti anayotumia kwa wazee wake wa kituoni. Usiku ule akala ugali, akalalamika kwamba nimeusonga vibaya. Nilifurahi mpaka nikatoka nje nisije nikalia mbele yake.

Wanafunzi walirudi chuoni, lakini gemu hawakuirudia. Walikuwa wamezoea kuchezea vyumbani mwao. Mzee akaanza kuuza mashine, hii leo, ile mwezi ujao, na kila iliyotoka iliacha mraba wa zulia lenye nyota mbichi kabisa, kijani kama siku lilipowekwa. Hatimaye akaniambia anafunga. Alilisema jambo hilo huku akikunja waya, na hakuniangalia.

Nilimpa mama habari hiyo huku nikivua viatu, kama ninayetaja hali ya hewa.

"Na nani anakaa naye?" akauliza.

"Wapi?"

"Kwenye msiba wake."

Nikamweleza kwamba mkewe alishafariki, watoto wake wako majimbo ya mbali, na kwamba kufunga biashara si kufiwa, mama, huku watu wanafunga biashara kila siku. Aliniacha nimalize. Mama ana namna ya kukusubiri umalize ambayo ni adhabu tosha.

"Mimi nilikaa kwenye kiti chake," akasema. Akachukua simu, akaanza kuwapigia wale wanawake.

Siku ya mwisho ya ukumbi tuliingia na sufuria za maharage, chapati zilizofungwa kwenye taulo, na chupa ile ile ya chai. Mashine karibu zote zilikuwa zimeondoka. Yalibaki magari, kwa sababu ni mazito na hakuna aliyeyataka. Mzee alikuwa peke yake na ufagio. Alipotuona alidhani tumekuja kucheza, akaanza kuomba radhi kwamba hakuna umeme wa kutosha.

Mama akamnyang'anya ufagio kwa upole, akamshika kiwiko kama anavyowashika wazee wake, akamkalisha kwenye gari jekundu. Wanawake wakaingia kwenye magari mengine, safari hii bila barakoa. Mzee akanitazama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nifanye nini?"

"Hakuna," nikamwambia. "Wewe ndiye mfiwa."

Mama akasimama mbele yake, akampa pole, kisha akaniambia nitafsiri: ilikuwaje?

Mzee akakohoa. Akasema kodi ilipanda, korona ikaja, wateja wakapotea, basi. Nikatafsiri. Mama akatikisa kichwa.

"Mwambie aanze mwanzo."

Nikamwambia. Nikaona macho yake yanajaa. Akavua kofia, akaiweka mapajani, akashika usukani. Akaanza na siku ambayo yeye na mkewe, vijana bado, walileta mashine ya kwanza juu ya gari la kuazima, kwenye theluji, na mlango ukawa mwembamba, na mkewe akasema tuutoe mlango. Wakautoa. Walilala pale pale usiku ule, ukumbi bila mlango, wamevaa makoti, wakicheza kwa zamu mpaka asubuhi. Nilitafsiri kila kitu. Kuna mahali sauti yangu ilikatika, mama akanigusa mgongoni nikaendelea.

Alipomaliza alikuwa amelowa uso mzima. Nikadhani sasa tutakula. Lakini yule mama wa Grant Street akashuka kwenye gari lake, akasogea, akamshika mkono.

"Pole sana, mzee. Bon, ilikuwa namna gani?"

Nikasita. Mtu alikuwa ametoka kusimulia yote, na yule mama alikuwa amekaa pale pale akisikia. Lakini nikamtafsiria.

Mzee akamtazama, akapangusa uso, akaushika tena usukani. Akaanza upya, na safari hii alianzia siku aliyokutana na mkewe.