Filimbi ya Mbao, Kutoka Likoni Hadi Shanzu

Niliondoka Likoni Jumamosi asubuhi kwa sababu ya maneno ya Kazungu. Kazungu ndiye kiongozi wa kikundi kinachowapigia wageni muziki katika hoteli moja ya Shanzu, nami ni mfua mashuka wa hoteli hiyohiyo. Kwenye sherehe ya wafanyakazi alinisikia nikipuliza rekoda yangu ya plastiki, ile filimbi ya matundu ambayo watoto wa shule hununuliwa kwa somo la muziki. Akaniita kando. "Dada, vidole unavyo," alisema. "Lakini filimbi yako haijui kunong'ona wala kulia. Tafuta ya mbao, uje Jumamosi saa kumi nikusikie. Ukikosa, nafasi nampa mpiga kinanda." Mvuke wa chumba cha kufulia umenichosha, na muziki naupenda tangu utotoni. Niliapa kwamba Jumamosi hiyo sitarudi nyumbani mikono mitupu.

Mamangu alikuwa akichagua mchele mlangoni nilipokuwa nikivaa viatu.

"Mwanahamisi!"

"Abee, mama."

"Wenda kununua filimbi, ama wenda kuvimba mashavu kama mjombako?"

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga nzumari wa harusi. Akianza kupuliza mashavu yake yalijaa kama bunju, yule samaki anayejijaza akiguswa, na sauti ilifika mtaa wa tatu. Kwangu mimi huo ndio uliokuwa muziki. Nilicheka, nikamuaga mama, nikashika njia ya kivukoni.

Kwenye feri nilisimama ubavuni, vidole vikicheza juu ya mkoba. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alinitazama kwa muda, akashindwa kuvumilia. "Wahesabu nini, mwanangu?" Nikamwambia nahesabu nyimbo. "Hesabu na yangu," akasema, na tulipofika ng'ambo akaniombea heri.

Magongo nilifika jua limeanza kuuma. Nilikuwa nimeelekezwa kwenye duka la spika na vyombo vya mitumba kando ya barabara, na mwenye duka, kijana wa bara, hakunipa nafasi hata ya kusalimu vizuri.

"Anti, leo umebahatika. Hii ni mbao ya ukweli. Cheki vile inang'ara."

Iling'ara kweli. Niliinusa, nikasikia harufu ninayoijua vizuri, kwa maana ndiyo ya nywele zangu.

"Umeipaka mafuta ya nazi?"

"Nimeiogesha kabisa, usiku mzima ndani ya bakuli. Si mbao za huku Pwani zote hupakwa?"

Sikuweza kumlaumu. Kwetu mlango ukikauka ni mafuta ya nazi, kitanda kikilia ni mafuta ya nazi. Lakini nilikuwa nimeulizia kabla ya safari: filimbi hupakwa kidogo tu mwilini, tena mafuta mepesi. Mdomoni kuna mfereji mwembamba wa pumzi, na chini yake kipande cha mbao laini ambacho hakitakiwi kuguswa na mafuta hata tone. Nilichungulia mwangani. Mfereji ulikuwa umejaa utando, na kile kipande kimevimba. Nilipopuliza ilitoka sauti ya mtu mwenye mafua. Kijana alinipunguzia bei mara mbili nikiwa bado natikisa kichwa, na mara ya tatu nikiwa barabarani. Roho iliniuma, lakini filimbi mbovu haiponi kwa bei nzuri.

Kiembeni, baada ya adhuhuri. Hapa lilikuwa tumaini langu la mwisho. Mwalimu Esta, mwanamke wa bara aliyefundisha muziki shuleni mpaka akastaafu, alikuwa na rekoda mbili za mbao na alitaka kubaki bila hata moja, kwa kuwa vidole vyake siku hizi vimekakamaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitilia chai, kisha akaziweka mezani juu ya kitambaa.

Moja ilikuwa ya mpingo, nyeusi na nzito. Ya pili ilikuwa ya mbao nyepesi yenye rangi ya asali, haina la kumvutia mtu. Nilikagua zote nilivyojifunza. Viungo viliingiana bila kulegea. Matundu ya kidole gumba, ambayo huchimbwa na kucha miaka ikipita, yalikuwa bado mviringo. Nikapuliza ya mpingo. Lahaula! Sauti ilijaa chumba, ikatoka dirishani, na mbwa wa jirani akajibu. Nikapuliza ya asali. Ikapiga ukelele, ikakatika. Nikarudia, ikakatika tena.

"Nachukua hii nyeusi, mwalimu."

"Ngoja. Wewe ndiye utakuwa unasikiliza, ama ni watu wengine? Hebu toka nje, usimame pale kwa kamba ya nguo."

Nilitoka, nikasimama katikati ya mashuka kana kwamba niko kazini. Mwalimu akapiga wimbo mmoja kwa filimbi zote mbili, polepole kwa vile vidole vyake vigumu. Ya mpingo niliisikia vizuri, lakini kila sauti ilikuwa na mkazo uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipoanza ya asali nilijikuta nimeacha kupumua. Ilishuka, ikanong'ona bila kupotea, ikapanda tena na huzuni yake. Machozi yalinilenga, nikayafuta kwa pembe ya shuka la watu.

Nilirudi ndani nimekasirika. "Mbona kwangu inapiga kelele?"

Mwalimu alicheka. "Kwa sababu unapuliza ni kama unaita mtu ako ng'ambo. Na hayo mashavu, mbona unayajaza hivyo?"

Nilijishika mashavu. Yalikuwa bado yanauma. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiipuliza rekoda kama nzumari ya mjomba, na nzumari bila mashavu haiendi.

"Puliza kama unampozea mtoto uji," mwalimu akasema. "Uji usimwagike."

Mara ya kwanza uji ulimwagika. Mara ya tatu sauti ya chini kabisa ilitoka nene, tulivu. Nikafungua tundu la gumba kidogo tu, na ya juu ikaitika bila kulazimishwa. Ya mpingo haikuwa mbovu, ila mimi nilihitaji ile itakayonikatalia kila nikipiga kelele. Tulipatana. Akaniusia nisiichoshe siku hiyo, robo saa inatosha, kwa kuwa mbao iliyokaa muda mrefu huzoeshwa pumzi kidogo kidogo, tena niipashe joto mwilini kwanza.

Shanzu nilifika saa kumi kasorobo, filimbi nimeikumbatia kwapani ndani ya leso. Chumba cha mazoezi kilikuwa na baridi ya mashine, na filimbi ikishika baridi pumzi hugeuka maji ndani yake, kwa hiyo sikuitoa mpaka Kazungu alipoanza gita. Alipiga kwa nguvu. Mpiga kinanda alikuwa ameketi kando akisubiri nishindwe. Mashavu yakaanza kujaa yenyewe. Nikakumbuka uji. Nikapuliza taratibu kuliko gita, taratibu mpaka nikaogopa, lakini sikuongeza. Kazungu alinitazama, akapunguza. Nikashuka, akashuka. Mwisho wa ubeti wa pili alikuwa ameondoa mkono kwenye nyuzi kabisa.

"Jumatatu unaanza," alisema akilaza gita. "Na usije na nyingine, njoo na hiyohiyo."

Nilirudi Likoni jua likizama, miguu inauma na moyo mweupe. Nilikwenda nikidhani chombo kizuri ni kile kinachosikika mbali. Nimejifunza kumpa mwingine apulize, mimi nisimame mbali nisikilize, na nisinunue mng'aro.

Mama alikuwa uani, redio ya jirani ikivuma juu ya ukuta na yake ikishindana nayo. "Haya, tusikize basi," akasema. Nilikuwa nimebakiza pumzi ya wimbo mmoja katika ile robo saa. Nilipiga taratibu, wala sikushindana na redio zile.

"Mbona hukuvimba?" akauliza, akinitazama mashavu.

Niliendelea kupuliza. Mama akaizima redio yake, akamwomba jirani azime yake, kisha akavuta kigoda mpaka goti lake likagusa langu.