Nani Kapika Pilau ya Mwera

Jumatatu hadi Ijumaa nauza dawa za mifugo mjini Tanga. Jumamosi ni mpishi wa kukodiwa, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Kwetu pwani mwanamke hupika maisha yake yote, lakini sufuria la harusi ni la wanaume. Kwa nini? Hakuna aliyewahi kunijibu nikaridhika. Basi mama mmoja wa kijiji cha Mwera alionja pilau yangu kwenye hitima, akanikodi nipike harusi ya bintiye. Ilikuwa shughuli yangu ya kwanza kubwa. Nikiharibu, habari zingefika hadi Moa, kule mpakani, kabla masufuria hayajaoshwa, na nani angeniita tena?

Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipopalia makaa juu ya kifuniko. Mjomba wa bibi harusi akaja, akayasukuma makaa kwa koleo, akafunua.

"Nataka nione kama mwanamke kaivisha."

Mvuke wote ukatoka. Pilau iliyopaliwa haifunuliwi, hata mtoto wa pwani anajua. Nikatafuna punje: ina kiini. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nikanyunyiza maji ya moto, nikafunika, nikarudisha makaa, kisha nikavuta kibao nikakaa mbele ya sufuria.

"Watu washakaa mkekani," mjomba akafoka. "Pakua!"

"Haijaiva. Haitoki."

"Wanitia aibu!"

"Aibu umeipika mwenyewe, mjomba. Mimi napika pilau."

Mama mwenye harusi akaja mbio. "Mwanangu, nisitiri."

"Ndiyo nakusitiri, mama. Waache wangoje."

Niliogopa, sikatai. Lakini sikuinuka.

Nilipopakua, kila punje ilikuwa mbali na mwenzake. Masinia yakarudi matupu. Nikiwa uani nikamsikia mzee mmoja akiuliza nani kapika, na mjomba akajibu bila haya, "Vijana wetu wa hapa hapa."

Mpishi hatoki uani, na mwanamke hapiti upande wa wanaume. Najua. Nikajifunga kanga kiunoni, nikabeba sinia la ukoko, nikaingia katikati yao.

"Shikamooni wazee. Pilau nimepika mimi. Nani nimwongeze?"

Sikungoja jibu. Nikaanza na mjomba, nikamwekea ukoko mwingi, nikasimama pale pale mpaka akala.