Fundi wa Mifuko ya Siri

Mtaani walimwita Mama Pindo. Ukimtazama tu, ni fundi cherehani kama mafundi wengine: futi shingoni, pini mdomoni, miguu kwenye pedeli toka asubuhi. Lakini nusu ya wakubwa wa mtaa walitembea na mifuko ya siri aliyowashonea yeye, ndani ya mapindo na bitana, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyebuni ujanja huo. Mama Pindo alitoza bei mbili: ya kushona na ya kunyamaza.

Basi redio ikatangaza kwamba noti kubwa, zile nyekundu, zinaondolewa. Mwisho wa kuzibadilisha benki ni Ijumaa saa tisa alasiri. Baada ya hapo zitafaa kufungia karanga. Watu walioapa miaka yote kwamba hawana kitu wakaanza kutokwa jasho.

Mama Pindo naye alikuwa na Ijumaa yake. Cherehani aliyoitumia ilikuwa ya kukodi, na mwenye mali alimpa hadi siku hiyo hiyo: ainunue, la sivyo anaipakia kwenye mkokoteni anamuuzia mwingine. Alimwomba mumewe, dereva wa lori, amwongezee. Mumewe akageuza mifuko ya suruali nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi.

"Mama watoto, ningekuwa nazo ungeniona hivi?"

Akamwonea huruma, hata akampa chai ya pili.

Mteja wa kwanza kufumuliwa alikuwa mwalimu mkuu.

"Nipunguzie hii tai, fundi. Inanikaba."

Tai yenyewe ilikuwa nene kama ulimi wa ng'ombe. Huyu ndiye aliyewaambia wazazi kila muhula kwamba shule haina hata pesa ya chaki. Mama Pindo akapitisha wembe, na chaki zikaanza kutoka, moja moja, nyekundu.

"Ni akiba ya mazishi yangu," mwalimu mkuu akasema.

"Utazikwa vizuri, mwalimu."

Akafuata muuza nyama, suruali kwapani. Akamkuta mkewe ameshakaa kwenye benchi na pazia mapajani.

"Pazia limechanika," mke akaeleza kabla hajaulizwa.

"Na mimi suruali imenibana."

Pazia lilikuwa zima, na ile suruali ingemtosha yeye pamoja na mbuzi mmoja.

"Tangulia wewe, mume wangu, una wateja."

"Watasubiri. Tangulia wewe, jua linakuchoma."

"Tuko kivulini."

Mama Pindo akawaambia waache vitu vyao waje baadaye kwa zamu, maana uso wake ulishachoka kutocheka.

Wote walitaka kumlipa kwa noti nyekundu. "Hizo peleka benki mwenyewe," aliwaambia, "mimi nipe ndogondogo." Ndogondogo zikajaa kopo, lakini hadi Ijumaa asubuhi hazikufika hata nusu ya bei ya cherehani.

Mchana alirudi nyumbani mara moja kuchukua uzi. Akamkuta mumewe kitandani, koti la kaki mapajani, kisu cha jikoni mkononi. Koti hilo alilivaa kwenye misiba tu, na wiki hiyo hakuna aliyekufa.

"Unalichinja?"

"Nimeona kiroboto."

Akalichukua, akapitisha vidole. Pindo lilikuwa gumu kama ubao. Ila kilichomkata maini si ugumu, ni mshono: hatua ndefu, kombokombo, uzi mweusi kwenye kitambaa cha kaki. Ulikuwa mkono wa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye vifungo vyake hutoka kabla mteja hajafika nyumbani. Kuficha pesa angeelewa, wanaume wa mtaa huu aliwajua ndani na nje. Lakini kumfichia kwa fundi mbovu kiasi kile?

"Fundi wako kafunga leo?" akauliza.

"Fundi gani?"

Mama Pindo akalivaa koti, akatoka.

"Unalipeleka wapi?"

"Benki. Nasikia kule ndani kuna baridi."

Mumewe akamfuata mbio, shati nje, kandambili miguuni. Foleni ilizunguka jengo, na karibu wote walikuwa wateja wa mkewe: mwalimu mkuu shingo wazi, muuza nyama mbele, mkewe nyuma kabisa, kama watu wasiojuana.

"Mama watoto, turudi, tutazungumza," dereva alinong'ona.

"Kama koti lina kitu chako, sema. Nitakupa hapa hapa."

Mumewe akaitazama foleni, nayo ikamtazama. Hakuna mtu pale ambaye dereva hakuwahi kumwambia kwamba hana kitu, kila mchango wa mtaa ulipopita.

"Halina kitu."

Walifika dirishani saa tisa ikikaribia. Mama Pindo akatoa wembe, lakini haukuwa na kazi kubwa. Ule uzi mweusi ulikatika wenyewe kwa ubovu. Noti zikamwagika kwenye kaunta.

"Za nani hizi?" karani akauliza.

"Muulize mwenye koti."

Nyuma yao foleni ikanyoosha shingo. Dereva akalamba midomo, akaangalia saa ya ukutani, akaangalia noti.

"Za mke wangu," akasema.

"Sema kwa nguvu, mzee, kioo hiki kinazuia sauti."

"Za mke wangu."

Karani akaanza kuhesabu. Mama Pindo akaegemea kaunta, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Ya cherehani niwekee upande huu, mwanangu," akasema. "Inayobaki tutaangalia kama ina mwenyewe."