Bangili ya Pembe Iliyoyeyuka

Leo bangili ya pembe ya ng'ombe imeyeyuka kwenye ushirika wetu hapa Igogo.

Ndiyo, wanachama. Pembe imeyeyuka!

Ndugu Dorothea, anayejiita fundi mkuu, alimwapia mama mmoja wa Bukoba kwamba ameichonga kwa mikono yake. Mama akaipenda, ila mkono wake mnene.

"Basi nipanulie, fundi."

Mnajua pembe tunavyoipanua: unaitia kwenye maji yanayochemka, inalainika, unaivuta. Dorothea angekataaje mbele ya mteja?

Akaitia.

Ikatoka imejikunja kama ganda la ndizi. Plastiki ya dukani! Na ndiye anayetuhubiria kujitegemea kila mkutano.

Mama hakugomba. Alikuja kwenye meza yangu, akashika bangili niliyoisugua siku mbili, akaniuliza kwa upole:

"Na hii, baba, umeinunua duka gani?"

Dorothea akacheka. Eti akacheka!

Plastiki yake nimeitundika kwenye msumari, chini ya karatasi hii ubaoni. Piteni muione, muandike maoni pembeni.

Fundi mkuu, wewe usiandike. Ivae.